Baba anasahau, Shangazi hasahau: Kosa ni la nani?

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Hata hivyo, hawakutuachia methali ya kututuliza siku neno lenyewe linapoanza kuharibika kichwani mwa mzee. Hapo kila jamaa huwa na lake. Mmoja atasema ni umri. Mwingine atasema ni mawazo. Wa tatu atashusha sauti, atazame mlangoni, kisha aulize: "Kwani ni nani aliyemfanyia hivi?"

Swali hilo la tatu ndilo lililonifanya nishike kalamu, mpenzi msomaji. Hapa kwetu Isiolo lilikaribia kuuvunja undugu wetu, na naamini kuna nyumba nyingine nyingi nchini ambako linaulizwa usiku wa leo.

NDUGU WA TUMBO MOJA

Baba yangu alikuwa dalali wa mifugo. Kwa zaidi ya miaka 30 alisimama mnadani, fimbo mkononi, akiwapatanisha wafugaji kutoka Merti, Garba Tulla na Kinna na wanunuzi kutoka Meru na Nairobi. Hakuandika chochote. Bei ya kila fahali, alama ya kila ukoo na deni la kila mtu, vyote alivihifadhi kichwani, wala sikuwahi kusikia mtu akimlaumu kwamba amekosea hesabu.

Shangazi yangu ni dada yake wa tumbo moja, na amempita Baba kwa miaka tisa. Hakuingia darasani hata siku moja. Maisha yake yote ameuza maziwa ya ngamia hapa mjini. Sasa ana miaka 85, mgongo umepinda, lakini akili yake ingali kali kama wembe. Ukikopa nusu lita kwake leo, usidhani atasahau mwezi ujao.

Ya Baba yalianza kidogo kidogo, miaka minne iliyopita. Alimuuza beberu mmoja kwa watu wawili kwa siku moja, akaapa kwamba hakuwahi kumwona yule wa kwanza. Siku nyingine alitoka msikitini baada ya alasiri, na badala ya kurudi nyumbani Bulla Pesa akaonekana magharibi kwenye barabara ya Marsabit, viatu mkononi. Alificha pesa ndani ya gunia la mchele, kisha akatulaumu kwamba tumemwibia. Mimi, bintiye wa kwanza, akawa ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani.

Jambo la kushangaza ni kwamba ukimwuliza alikula nini asubuhi, hajui, lakini ukimtajia Daba, macho humwangaza. Daba ndilo jina tunaloupa wakati wa vita vya shifta vya 1963 hadi 1967, watu wetu na mifugo yao walipofungiwa kambini Garba Tulla na Merti. Hapo Baba na Shangazi huketi wakakumbushana majina ya ng'ombe waliokufa kambini, mmoja baada ya mwingine, na huwezi kujua ni nani kati yao aliye mgonjwa.

MINONG'ONO

Nilimpeleka Baba kwenye kituo kimoja cha afya. Mhudumu alimtazama kwa dakika chache, akasema, "Mama, huu ni uzee tu. Mpe maziwa apumzike." Tukarudi nyumbani bila jina la ugonjwa. Na ugonjwa usio na jina haukawii kupewa jina na majirani.

Binamu yangu mmoja, mtu mzima mwenye watoto wake, ndiye aliyelitamka kwanza. Alisema: mama huyu ana miaka 85 na hasahau hata shilingi, ilhali ndugu yake mdogo hajui njia ya nyumbani. Akili ya mmoja imekwenda wapi, na ya mwingine inatoka wapi? Neno likaenda kama moto wa nyasi kavu. Kabla ya mwezi kwisha, mke wa ndugu yangu aliwakataza watoto kula nyumbani kwa Shangazi. Ikazungumzwa habari ya mganga kutoka mbali na mbuzi wawili wa kumlipa.

Shangazi aliyasikia. Akawa haingii tena kwetu. Alituma dumu la maziwa mlangoni, yeye mwenyewe akasimama njiani. Nilipomfuata aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, huyo nilimbeba mgongoni akinyonya vidole. Leo nimle akili?"

Nilikosa usingizi, kwa sababu minong'ono ya namna hii huua. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne walioshukiwa kuwa wachawi waliuawa na umati. Huko Kilifi nako wazee wameyahama maboma yao kwa sababu ya mvi zao. Sikutaka jina la Shangazi liongezwe kwenye orodha hiyo.

Mwishowe tulimpeleka Baba kwa daktari wa ubongo Nairobi. Huyu hakuwa na haraka. Alimpima presha, sukari, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, kaswende na hata masikio, kwa maana yapo maradhi yanayotibika ambayo hujifanya usahaulifu wa uzeeni. Baada ya picha ya ubongo na maswali mengi alitupa jina: Baba ana dimenshia, yaani kuporomoka kwa akili na kumbukumbu, na aina yake yaelekea ni ile iitwayo Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani aliyeieleza kwanza mwaka 1906.

Nikamwuliza swali la binamu yangu, ila kwa upole: "Daktari, wazazi ni wale wale, boma lile lile, maziwa yale yale. Mbona mmoja na si mwingine?"

Akatabasamu. "Swali hilo hata mabingwa wa sayansi wanaliuliza. Tafuta habari za watu wa Antioquia."

LAANA YA ANTIOQUIA

Nilizitafuta. Antioquia ni jimbo la milima nchini Kolombia, Amerika Kusini. Huko umo ukoo mkubwa wa watu wapatao 6,000, wengi wao wenye asili ya ukulima. Kwa vizazi vingi baadhi yao walianza kusahau wakiwa bado na nguvu za kulima, miaka 40 na kitu. Watu wa huko waliuita ugonjwa huo la bobera, yaani upumbavu. Wengine walisema ni laana, wengine walisema mgonjwa aligusa mti usiofaa kuguswa. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Kumbe minong'ono haina pasipoti!

Daktari mmoja mzaliwa wa jimbo hilo, Francisco Lopera, ambaye alifariki mwaka 2024, alianza kuwafuatilia tangu miaka ya 1980. Yeye na wenzake wakagundua kwamba si laana wala mti. Ni kasoro ndogo katika jeni moja, yaani maagizo ya urithi ambayo mtoto huyapata kwa wazazi. Kila mtoto wa mzazi mwenye kasoro hiyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Aliyeirithi huanza kusahau akiwa na miaka kama 44, na akifika 49 hivi hawezi tena kujitegemea.

Lakini alikuwako mama mmoja, Aliria Rosa Piedrahita de Villegas, aliyekuwa na kasoro hiyo hiyo na bado akafika miaka ya 70 kabla akili yake haijaanza kuyumba. Alichelewa kwa miaka 30 nzima! Wataalamu walipompiga picha walikuta ubongo wake umejaa uchafu ule wa Alzheimer kuliko wagonjwa wengi. Kwa nini basi hakusahau? Jibu, lililochapishwa mwaka 2019, lilikuwa kwamba alirithi pia, kwa baba na kwa mama, aina adimu ya protini moja ya mwilini. Mama huyo alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka 77, kwa saratani, na familia yake ikakubali ubongo wake uchunguzwe.

Kisha, mwaka 2023, ikachapishwa habari ya mwanamume wa ukoo huo huo aliyebaki na akili timamu hadi miaka 67. Yeye alikuwa na aina adimu ya protini nyingine kabisa. Na alikuwa na dada! Dada huyo naye alikuwa na kasoro ile na kinga ile, lakini kwake kinga haikuwa na nguvu sawa. Alianza kudhoofika akiwa na miaka 58. Tumbo moja, ugonjwa mmoja, lakini miaka tisa baina yao. Niliyasoma hayo mara tatu.

PROTINI SI NYAMA NA MAHARAGWE TU

Darasani tulifundishwa kwamba protini ni nyama, mayai, maziwa na maharagwe. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Mwili wenyewe hutengeneza maelfu ya protini zake, kila moja na kazi yake. Nyingine hujenga misuli, nyingine hubeba hewa ndani ya damu, nyingine hupeleka habari kutoka seli moja hadi nyingine.

Ugonjwa wa Alzheimer wenyewe ni habari ya protini mbili zilizokwenda kombo. Ya kwanza ni amiloidi, ambayo hujikusanya madonge nje ya seli za ubongo. Ya pili ni tau. Hii kwa kawaida huzishikilia nguzo nyembamba zilizo ndani ya seli, kama fito zinavyoshikilia nyumba ya matope. Ikiharibika hujisokota mafundo, na seli hufa. Mara nyingi mafundo hayo hutangulia pale ubongo unapopokea kumbukumbu mpya. Ndiyo sababu Baba hajui alichokula leo lakini anaikumbuka Daba.

Sasa tuje kwa protini za kulinda. Ile ya mama Aliria inaitwa apolipoprotini E, au kwa kifupi APOE. Kazi yake ya kila siku ni kubeba mafuta kutoka seli hadi seli. Sisi sote tunayo, ila kwa aina tofauti. Aina ya E4 imeonekana kuongeza hatari ya Alzheimer, hasa miongoni mwa Wazungu. Aina ya mama Aliria inaitwa Christchurch, kwa jina la mji wa New Zealand ilikogunduliwa, nayo ilifanya kinyume. Amiloidi ilijaa, lakini tau haikusokotana sana.

Ya yule mwanamume inaitwa rilini. Hii husaidia kuupanga ubongo wa mtoto tumboni, na ukubwani huendelea kusaidia seli kuwasiliana. Ajabu ni kwamba rilini na APOE hubisha hodi kwenye milango ile ile ya seli. Inadhaniwa kwamba rilini ya mtu huyu ilishika mlango kwa nguvu zaidi ya kawaida, na kila iliposhika, ilituma ndani agizo la kuizuia tau isiharibike. Sehemu ya ubongo wake inayopokea kumbukumbu ilikutwa na mafundo machache mno.

Ipo na ya tatu, Klotho, iliyogunduliwa Japani na kutangazwa mwaka 1997. Hutengenezwa zaidi na figo, na hupungua kadiri mtu anavyozeeka. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba kima wazee waliodungwa sindano moja ya Klotho walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya kukumbuka. Kima si binadamu, na majaribio si dawa. Hata hivyo, watafiti sasa wanajaribu kutengeneza dawa zitakazoiga kazi ya protini hizi.

NA SISI WAAFRIKA JE?

Wapo wanaosema haya ni maradhi ya Wazungu. Si kweli. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi walichunguzwa, na takriban 6 katika kila 100 wakakutwa na dimenshia. Kilimanjaro si mbali na sisi.

Lakini kuna jambo la kutia moyo. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya kulinganisha wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa mji wa Indianapolis. Kila mwaka zaidi ya watu 3 katika kila 100 wa Indianapolis walipata dimenshia. Ibadan hawakufika hata nusu ya hao. Na ile APOE ya aina ya E4, inayowatisha Wazungu, kwa Wayoruba ilionekana kuwa na nguvu kidogo. Hapa kwetu pia, wazee wa Nyeri waliopimwa walikuwa nayo kwa wingi, lakini haikuwatenganisha wanaosahau na wasiosahau. Kwa hivyo damu peke yake haisemi yote. Chakula, mwendo, maradhi ya moyo na maisha ya mtu navyo vina sauti.

KIKAO CHA FAMILIA

Nilipoyajua haya niliita kikao. Tuliketi nyumbani kwa kaka mkubwa wa ukoo, wanaume upande huu na wanawake upande ule, Shangazi akiwa karibu na mlango kama mgeni. Nilieleza habari za Antioquia kwa Kiborana, polepole. Nilipofika kwenye yule kaka na dada yake, chumba kilinyamaza.

Nikasema: sidai kwamba Shangazi ana rilini ya ajabu au APOE ya kipekee. Hakuna aliyempima, na huenda hatapimwa kamwe. Ninachosema ni kwamba watoto wa tumbo moja hawarithi sawa. Mmoja huchukua urefu wa baba, mwingine sauti ya mama. Ng'ombe mmoja huzaa ndama watano, mmoja akaishi ukame na mwingine akafa, na hatumshtaki yule aliyeishi. Mbona tumshtaki binadamu?

Mzee mmoja, mfugaji wa miaka mingi, alitikisa kichwa akasema, "Hilo la ndama ni kweli." Nadhani ndama walifanya kazi kubwa kuliko protini zangu zote. Mke wa ndugu yangu alinyanyuka, akamkalisha Shangazi kwenye mkeka pamoja na wanawake. Binamu yangu hakusema neno. Aliondoka kabla ya chai, na hadi leo haji Shangazi akiwapo. Si kila kidonda hupona kwa kikao kimoja, lakini habari ya mganga na mbuzi wawili haikuzungumzwa tena.

MAZIWA YA NGAMIA NA MAKOPO YA UNGA

Tangu siku hiyo watu huniuliza: "Mwalimu, protini hizo tutazinunua wapi?" Wauza maziwa wananiambia kwamba maziwa ya ngamia hulinda akili, na Shangazi ndiye ushahidi. Wachuuzi nao wanapitisha makopo ya unga wa protini kwa bei ya mbuzi mzima.

Nawajibu hivi. Maziwa ya ngamia ni chakula bora, yanyweni. Lakini protini unayoila huvunjwavunjwa tumboni kuwa vipande vidogo, kisha mwili hujijengea inachotaka. Hata kama ungepata rilini ndani ya bakuli, ingeyeyushwa tumboni kama nyama ya mbuzi kabla haijauona ubongo. Isitoshe, Baba naye alikuzwa kwa maziwa hayo hayo. Anayekuuzia kopo la kulinda ubongo anakuuzia maneno. Hata dawa mpya zinazoondoa amiloidi, ambazo zimeanza kutumika ng'ambo, ni ghali mno, zinahitaji picha za ubongo mara kwa mara kwa sababu zinaweza kuleta damu ubongoni, nazo hupunguza tu mwendo wa ugonjwa.

Kinachowezekana hapa hapa ni kingine. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu nusu ya dimenshia duniani, asilimia 45, ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14. Miongoni mwake ni presha, kisukari, sigara, ulevi, kutosikia, kutoona vizuri, kukaa bila kutembea, kuumia kichwa na upweke. Kutembea pia huzidisha mwilini protini moja iitwayo BDNF, ambayo huzilisha seli za ubongo. Hiyo haiuzwi kwenye kopo. Hupatikana kwa miguu.

Basi, mpenzi msomaji, ikiwa una mzee nyumbani, mpeleke akapimwe presha na sukari hata kama haumwi. Akianza kusahau, usikubali kuambiwa "ni uzee" ukarudi nyumbani. Omba apimwe yale yanayotibika. Mtibu masikio na macho, kwa kuwa asiyesikia huachwa nje ya mazungumzo, na aliyeachwa nje hunyauka. Mwache atembee, ila asitembee peke yake. Mwulize habari za zamani badala ya kumwuliza alichokula. Nawe uliye na miaka 40 au 50, anza na presha yako mwenyewe.

Zaidi ya yote, chunga ulimi. Protini zilizo kichwani mwa mzee hatuwezi kuzichagua. Maneno tunayoyasema juu ya ndugu zake tunaweza. Baba hatapona, hilo tumelikubali. Lakini kila Ijumaa Shangazi huja na dumu lake, humshika mkono, nao huanza tena kuwahesabu wale ng'ombe wa Garba Tulla. Jina lake Baba hulisahau siku nyingine. Sauti yake bado anaijua, na akiisikia hutulia.